Frank Hurley, Mpiga Picha Aliyevunja Picha Zake 400

Mwanachuo mwenzangu, kila boom likitoka hapa chuoni swali linarudi lile lile kwenye klabu yetu ya picha: ninunue kamera gani? Mmoja anataka yenye megapikseli nyingi, mwingine anataka lenzi ndefu kama bomba la maji, na wa tatu anataka tu ile anayotumia fulani mtandaoni. Likizo ikikaribia swali linabadilika kidogo. Huyu anapanda Uluguru, yule anakwenda Kilimanjaro, wengine wanavuka kwenda Zanzibar kwa boti, na masika ndiyo hayo yameshaanza. Nibebe nini, niache nini, na nifanyeje kisilowane?

Mimi ndiye ninayetunza kabati la vifaa vya klabu, kwa hiyo maswali haya yananifuata mpaka kantini. Jibu bora nililonalo halikutoka dukani. Limetoka kwenye maisha ya Mwaustralia mmoja aliyefariki mwaka 1962, Frank Hurley. Huyu bwana alipiga picha kwenye upepo wa Antaktika, kwenye matope ya Vita Kuu ya Kwanza na kwenye joto la unyevu la Papua, na kote huko ilimlazimu kuamua kipi kinabebwa na kipi kinaachwa. Mara moja uamuzi huo ulimgharimu kazi ya mwaka mzima. Nitasimulia maisha yake, mazuri na yenye walakini, halafu tutarudi kwenye kabati letu.

Kamera ya mkopo

Hurley alizaliwa tarehe 15 Oktoba 1885 katika mtaa wa Glebe, Sydney. Baba yake alikuwa mchapaji na kiongozi wa chama cha wafanyakazi, jambo ambalo wasomaji wa gazeti hili la chama bila shaka watalipenda. Shule haikumkaa. Akiwa na miaka 13 alitoroka nyumbani, akaenda Lithgow, mji ulio milimani magharibi ya Sydney, akapata kazi kwenye kiwanda cha chuma. Kumbuka hicho kiwanda, maana mikono yake ilijifunza mambo huko ambayo yalikuja kumwokoa yeye na wenzake.

Aliporudi Sydney akiwa kijana alinunua kamera yake ya kwanza, boksi la Kodak, kwa shilingi 15 za wakati ule. Hakuwa nazo zote. Alilipa shilingi moja kila wiki mpaka deni likaisha. Ninapenda sana sehemu hii ya maisha yake. Boksi la Kodak lilikuwa kamera rahisi mno: lenzi moja isiyobadilishwa, karibu hakuna cha kurekebisha. Ukitaka kitu kionekane kikubwa, unakisogelea kwa miguu yako. Ndivyo alivyojifunza, na ninaamini ndiyo maana maisha yake yote hakuwahi kuogopa kusogea.

Mwaka 1905 hivi aliingia kwenye biashara ya kadi za posta. Enzi hizo kadi za picha zilikuwa kama mitandao ya leo, kila mtu anatuma, kila mtu anauza, ushindani mkali. Basi Hurley akaamua kuuza kile ambacho wengine waliogopa kukipiga. Alijulikana kwa kusimama mbele ya treni inayokuja kwa kasi, akabonyeza, kisha akaruka pembeni. Mwaka 1910 alifanya maonyesho yake ya kwanza. Hakuwa na digrii, hakuwa na mjomba serikalini. Alikuwa na kamera, deni, na moyo.

Upepo wa Cape Denison

Mwaka 1911 mwanasayansi Douglas Mawson alikuwa anakusanya watu wa msafara wa Australia kwenda Antaktika. Hurley aliitaka nafasi ya mpiga picha kwa udi na uvumba. Inasimuliwa kwamba alimvizia Mawson kwenye behewa la treni, akakaa naye safari nzima akijieleza mpaka akaeleweka. Akapata kazi akiwa na miaka 26.

Kambi yao ilijengwa Cape Denison, mahali ambapo sasa panajulikana kuwa miongoni mwa sehemu zenye upepo mkali kuliko zote duniani kwenye usawa wa bahari. Wastani wa upepo kwa mwaka ulizidi kilomita 70 kwa saa, na dhoruba zenyewe zilipita 150. Fikiria kusimamisha tripodi kwenye upepo huo. Fikiria kubadilisha lenzi. Vidole vikitoka kwenye glavu vinakufa ganzi dakika hiyo hiyo, na chuma kikigusana na ngozi kinashika kama gundi. Filamu kwenye baridi kali inakauka na kukatika kama ubao mwembamba. Mafuta ndani ya mitambo ya kamera yanakuwa mazito na mtambo unakwama.

Halafu kuna adui mwingine ambaye hata sisi wa nchi za joto tunaye: unyevu. Kifaa kilichopoa kikiingizwa kwenye chumba chenye joto, unyevu wa hewani hujikusanya juu ya kioo na hata ndani ya lenzi. Kule Antaktika unyevu huo ukirudi nje unakuwa barafu. Mpiga picha wa kule lazima aamue mapema kama kamera inalala nje au ndani, na akishaamua asibadilishebadilishe.

Mwaka 1912 Hurley alivuta sleji pamoja na Bob Bage na Eric Webb kuelekea Ncha Sumaku ya Kusini. Walikwenda kilomita mamia kwa miguu, wakageuza wakiwa wamebakiza kilomita 80 hivi kwa sababu chakula kilikuwa kinakwisha. Kwenye sleji kila gramu ina mdomo. Kamera nzito ina maana ya biskuti chache. Katika msafara huo huo, kwenye kundi jingine, Mawson alipoteza wenzake wawili, Ninnis na Mertz, na yeye mwenyewe akanusurika kwa shida. Kwa hiyo Hurley alijua mapema sana kwamba mambo ya mizigo hayana mzaha.

Endurance

Safari iliyompa jina duniani ilianza mwaka 1914. Ernest Shackleton alitaka kuvuka bara zima la Antaktika kwa miguu, na Hurley alijiunga na meli yake, Endurance, huko Buenos Aires. Walikuwa watu 28. Waliondoka kisiwa cha South Georgia tarehe 5 Desemba 1914, na Januari 1915, ndani ya Bahari ya Weddell, barafu ikaibana meli pande zote. Hawakufika hata ufukweni kwa safari waliyoikusudia. Kwa miezi tisa hivi meli ilichukuliwa na barafu kama kijiti kwenye tope.

Hurley alifanya kazi kama mtu aliyetumwa. Alipanda milingoti akiwa na kamera kubwa ya sinema. Alitumia kamera za bamba za kioo, ambazo kila picha moja ni kipande cha kioo, kizito, cha kuvunjika. Alipiga hata picha za rangi kwa bamba za Paget, teknolojia mpya wakati huo. Kusafisha picha ndani ya meli iliyoganda kulikuwa adhabu: maji ya kusuuzia yalitakiwa kupatikana kwa kuyeyusha barafu, na vidole vyake vilipasuka kwa baridi na dawa.

Picha yake ninayoirudia mara nyingi ni ile ya usiku wa tarehe 27 Agosti 1915. Ni majira ya giza la kusini. Meli imesimama katikati ya barafu, nyeupe tupu kama mzimu, kamba zake zote zimevaa barafu. Hakukuwa na taa ya kuangaza kitu kikubwa namna ile. Hurley alitega baruti za flashi kama 20 hivi, akizificha nyuma ya vilima vya barafu, akaziwasha. Mwanga ulimtia kiwi akawa anajikwaa na kuanguka kwenye theluji. Leo tuna kamera zinazoona gizani, lakini bado hatujui kupanga mwanga. Yeye alipanga mwanga kwanza, kamera ikafuata.

Oktoba 1915 barafu ilianza kuivunja meli. Tarehe 27 Shackleton aliamuru wote watoke. Walipiga kambi juu ya barafu, chini yao bahari, na njia pekee ya kurudi nyumbani ilikuwa kuburuta mashua tatu mpaka penye maji. Shackleton alisema kila mtu abebe vitu binafsi visivyozidi ratili mbili, yaani kama kilo moja tu. Yeye mwenyewe alitupa dhahabu yake kwenye theluji mbele ya wote ili waone kwamba hana utani. Kitu kimoja kizito kiliruhusiwa: banjo ya Leonard Hussey. Shackleton aliona muziki ni dawa.

Na picha je? Bamba za Hurley zilikuwa zimefungwa kwenye masanduku yenye bitana ya zinki, lakini zilibaki ndani ya meli iliyokuwa imeshajaa maji nusu. Siku chache baadaye Hurley alirudi. Akavunja ukuta wa mbao kwa shoka, akavua nguo, akazama kwenye maji yaliyochanganyika na vipande vya barafu, akapapasa mpaka akayapata masanduku. Yale makasha yaliyofungwa vizuri yalikuwa yamezuia maji. Picha zilikuwa salama.

Hapa ndipo hadithi inaponigusa mimi kama mtunza kabati. Ulifika wakati wa kuchagua. Hurley na Shackleton walikaa juu ya barafu, wakazipitia bamba moja baada ya nyingine. Zile walizozichagua ziliwekwa upande mmoja, kama 120 hivi. Zile nyingine, kama 400, Hurley alizivunja pale pale. Kwa nini azivunje, asiziache tu? Kwa sababu alijijua. Alijua usiku angeamka na kuanza kufikiria upya, kesho angeongeza tano, keshokutwa kumi, na mashua ingekuwa nzito. Alivunja ili moyo usipate pa kurudi. Pamoja na bamba hizo alihifadhi mikanda ya sinema na albamu ya picha alizokuwa ameshazichapa. Vyote vikafungwa kwenye makopo yaliyolehemiwa ili maji yasipite.

Kamera zake kubwa zote aliziacha kwenye barafu. Alibaki na kamera moja ndogo, Vest Pocket Kodak, ambayo inakunjwa na kuingia mfuko wa koti, na roli tatu za filamu. Kwa miezi tisa iliyofuata, mpiga picha mashuhuri wa wakati wake alikuwa na kifaa ambacho askari wa kawaida alikuwa anakwenda nacho vitani. Tarehe 21 Novemba 1915 meli ikazama.

Nasema hivi kwa wanaobishana kila siku kuhusu chapa: zile picha za mwisho, za watu waliochoka ufukweni Elephant Island, zilipigwa na kamera hiyo ya mfukoni. Hazina ukali wa zile za bamba. Lakini zipo.

Fundi ndani ya mashua

Aprili 1916 barafu ilipasuka wakaingia kwenye mashua. Siku kadhaa baharini, mawimbi yakiwalowesha na maji yakiganda kwenye nguo zao, mpaka tarehe 15 Aprili walipotua Elephant Island, kisiwa kisicho na mtu. Tarehe 24 Shackleton na watu watano walichukua mashua iitwayo James Caird kwenda kutafuta msaada South Georgia. Watu 22 walibaki chini ya uongozi wa Frank Wild, wakaishi chini ya mashua mbili zilizogeuzwa, wakila sili na pengwini kwa miezi minne na zaidi.

Hapa kile kiwanda cha Lithgow kilirudi kusaidia. Hurley ndiye aliyetengeneza jiko la kuchomea mafuta ya sili kutokana na mabaki ya bati la meli, na ndiye aliyetengeneza pampu ya kutoa maji iliyokwenda na James Caird. Bila pampu mashua ndogo kwenye bahari ile isingekwenda mbali. Kwa hiyo mtu aliyebebwa kama mpiga picha aliwafaa wenzake kwa kazi ya bati. Tarehe 30 Agosti 1916 meli ya Chile iitwayo Yelcho, chini ya nahodha Luis Pardo, ikawachukua wote. Katika wale 28 hakufa hata mmoja.

Na zile bamba 120? Zilipita barafu, mashua, chumvi, mvua na miezi ya kisiwani, zikafika London. Ndizo zilizofanya dunia iamini. Mwaka 2022, wachunguzi walipoipata Endurance kwenye kina cha mita 3,008, jina lake likisomeka bado nyuma ya meli, watu wa kila nchi walifungua picha za Hurley ili kulinganisha.

Matope, na swali la ukweli

Hadithi ikiishia hapo Hurley ni shujaa mtupu. Haikuishia hapo.

Mwaka 1917 jeshi la Australia lilimchukua kuwa mpiga picha rasmi, akiwa na cheo cha heshima cha kapteni. Alipelekwa Ubelgiji kwenye mapigano ya Ypres. Mvua ilikuwa imegeuza uwanja wa vita kuwa bahari ya tope. Askari waliotereza kutoka kwenye njia za mbao waliweza kuzama. Picha yake ya tarehe 29 Oktoba 1917, askari wakipita juu ya mbao kwenye msitu uliobaki visiki, Chateau Wood, ni miongoni mwa picha zinazojulikana zaidi za vita ile.

Lakini Hurley hakuridhika. Alisema vita haiingii kwenye negativu moja: ndege ziko huku, mlipuko uko kule, askari wanaruka handaki saa nyingine kabisa. Basi akaanza kuunganisha negativu kadhaa kuwa picha moja. Mwanahistoria rasmi wa jeshi, Charles Bean, alikataa katakata. Kwake kumbukumbu ya vita ilitakiwa kuwa ukweli mtupu, na picha ya kuunganisha ilikuwa uongo. Wakagombana mpaka Hurley akatishia kujiuzulu. Mwishowe akaruhusiwa chache tu kwa ajili ya maonyesho.

Haikuwa mara moja. Ile picha ya James Caird ikiondoka Elephant Island, watu ufukweni wakipunga mikono, aliihariri kisha ikatolewa kama picha ya siku ya kuokolewa. Yaani huzuni ya kuagana iligeuzwa kuwa furaha ya kuokoka.

Mimi niko upande wa Bean, na najua kwenye klabu nina wapinzani. Wanasema msanii ana haki. Sawa, anayo, mradi aseme. Lakini fikiria gharama: mtu alizama kwenye maji ya barafu kuokoa ushahidi, halafu yeye mwenyewe akatupa sababu ya kuuliza, hii nayo ni ya kweli? Leo kijana yeyote mwenye simu anaweza kuongeza mawingu, kufuta mtu, au kuiagiza programu itengeneze maandamano ambayo hayakutokea. Picha za uchaguzi wa chama chetu zinazunguka kwenye magrupu kabla kura hazijahesabiwa. Suala la Hurley na Bean liko hapa hapa mabwenini.

Papua

Vita ilipokuwa inaelekea mwisho alipiga picha Palestina, kisha mwaka 1918 huko Cairo akamwoa mwimbaji wa opera, Antoinette Thierault-Leighton. Miaka ya 1920 mwanzoni alikwenda Papua, iliyokuwa chini ya utawala wa Australia. Kutoka baridi kavu akaingia joto la unyevu, mito, mbu na mvua zisizokata. Alitumia hata ndege za kutua majini kufika vijijini. Filamu yake Pearls and Savages ilivuta watu wengi kumbini, na jina lenyewe linakuonyesha aliwaonaje watu wa huko.

Katika safari ya 1922 hadi 1923 yeye na wenzake walikusanya vitu vya mila kutoka vijijini, na malalamiko yakafika serikalini kwamba baadhi vilichukuliwa kwa hila na shinikizo. Utawala wa Papua uliingilia kati na kushikilia vitu. Sisi ambao mababu zetu walipigwa picha wakiwa wamesimamishwa mstari mbele ya kamera za wageni tunaielewa sehemu hii bila kufafanuliwa. Kusogea karibu ni sifa ya mpiga picha. Kusogea bila kuombwa wala kuomba ni jambo jingine.

Baadaye alirudi Antaktika na Mawson kati ya 1929 na 1931, akapiga filamu nyingi, akaenda tena vitani Mashariki ya Kati mwaka 1940, na uzeeni akazunguka Australia akipiga mandhari za vitabu. Alifanya kazi karibu mpaka siku ya mwisho. Alifariki Sydney tarehe 16 Januari 1962, akiwa na miaka 76.

Turudi kwenye kabati

Basi, kamera gani? Nikitumia maisha ya Hurley, naanza na swali tofauti: ukibakiza kilo moja ya vifaa, itakuwa nini? Pima begi lako kwenye mizani kabla hujaondoka. Mlima hauulizi ulinunua kwa bei gani.

La pili ni maji. Kamera nyingi za bei ya kati zinauzwa kwa maneno kwamba zinahimili hali ya hewa. Maana yake zina mipira kwenye maungio inayozuia manyunyu na vumbi. Haina maana kwamba zinaogelea. Tena kinga hiyo ni ya mwili na lenzi kwa pamoja. Ukifunga lenzi isiyo na mpira wa kuziba pale inaposhikana na mwili, umeacha mlango wazi. Kwa hiyo usilipie mwili wa ghali halafu ukaweka lenzi ya bei poa ukadhani uko salama mvuani. Kamera ndogo za majini ni kitu kingine: hizo zimezibwa kabisa, na kwa safari ya boti au maporomoko huenda ndiyo chaguo la akili kuliko zote. Simu yenye alama ya IPX7 imepimwa kukaa mita moja kwenye maji kwa nusu saa, lakini ni maji safi yaliyotulia, siyo chumvi ya Nungwi. Kifaa cha majini kikitoka baharini kisuuze kwa maji baridi, ukifute, na usifungue kifuniko cha betri kabla hakijakauka.

La tatu, lenzi. Kwa safari ya mvua chukua moja ambayo hutaitoa. Kila unapobadilisha lenzi kwenye manyunyu unaikaribisha mvua ndani. Kama unapenda mandhari, watu na vitu vya njiani kwa pamoja, lenzi ya zumu ya kati, kuanzia milimita 24 hadi 70 au 105, inatosha karibu safari nzima. Kama mfuko umebana au msitu ni mzito, lenzi ya milimita 35 isiyovutika ni nyepesi, ni rahisi, na tundu lake ni pana. Lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara tano ya lenzi ya f/4, na chini ya miti ya Uluguru saa tisa mchana mwanga ndio unaoutafuta. Lenzi ndefu ya wanyama iache, isipokuwa wanyama ndio safari yenyewe.

La nne, kufunga. Zinki na lehemu ya Hurley leo ni mfuko wa kukunja mdomo usiopitisha maji, ule wanaotumia wavuvi na watalii, ndani yake vipakiti vya chembe za kukausha unyevu kama vile vinavyokuja na boksi la viatu. Ukitoka kwenye basi lenye kiyoyozi kuingia joto la pwani, acha kamera ndani ya mfuko uliofungwa nusu saa ipate joto taratibu, la sivyo lenzi itajaa mvuke. Kilimanjaro fanya kinyume cha uzembe: betri weka ndani ya nguo karibu na mwili, maana baridi inazimaliza upesi. Na ukirudi bwenini usiiache kamera ndani ya begi bichi. Giza na unyevu huotesha kuvu kwenye kioo cha lenzi, na kuvu ikishika, kusafisha kwake kunaweza kuzidi bei ya lenzi.

La mwisho, nakala. Memori kadi mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa, na kila jioni picha zihamie mahali pengine, kwenye simu ya mwenzako hata. Ukirudi, chagua. Usituletee picha 900 za safari moja kwenye ukuta wa maonyesho. Tuletee 12. Zile nyingine huna haja ya kuzivunja, lakini jaribu kukaa nazo na mwenzako mnayemwamini, moja baada ya nyingine, kama wale wawili juu ya barafu, na kila moja uiulize kama ingestahili nafasi kwenye mashua. Na chini ya hizo 12 andika ukweli: imepigwa wapi, lini, na kama umeibadilisha, umebadilisha nini.

Kabati la klabu linafunguliwa Jumatano jioni. Mifuko isiyopitisha maji ipo minne, wa kwanza kufika ndiye wa kwanza kupewa.